Ruwej hakuwa bibi harusi tu

Mji ninaoishi ulizaliwa ukiwa na jina la malkia. Mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini na Wabelgiji wakaanza kupima barabara karibu na machimbo ya shaba, waliuita Élisabethville, kwa heshima ya Elisabeth, mke wa Albert wa Kwanza, mfalme wao aliyekuwa ndiyo kwanza amekalia kiti. Bibi huyo hakuwahi kuamua kesi ya mtu huku Katanga, wala kumgawia mtu shamba. Alikuja Kongo na mumewe mwaka 1928, wakapokewa kwa heshima zote, wakarudi kwao. Lakini jina lake lilibaki kwenye mihuri ya ofisi, kwenye barua na kwenye vyeti vya kuzaliwa vya wazazi wangu, hadi mwaka 1966 mji ulipoitwa Lubumbashi.

Miaka hiyo yote, ukienda magharibi kabisa hadi Kapanga, jirani na mpaka wa Angola, palikuwa na mji mwingine: Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Huko kulikuwa na wanawake waliokalia viti vyao wenyewe. Nasema vyao, maana hawakuvipata kwa kuolewa, na mume akifa viti haviondoki naye. Hakuna Mbelgiji aliyevileta. Walunda wenyewe husema asili ya viti hivyo ni Ruwej, malkia wa masimulizi yao ya kale.

Ninaandika habari za Ruwej kwa sababu nimechoka kumsikia akisimuliwa kama bibi harusi. Litafute jina lake kwenye intaneti, kwa tahajia yetu au ile ya Waangola wanaoandika Lueji, utaletewa hadithi ya mapenzi: binti wa mtawala, mwindaji mgeni, wanakutana mtoni, macho yanagongana, harusi, ufalme mkubwa. Tamu sana. Tatizo ni kwamba inaanza katikati na kuishia katikati, na yale yanayonipendeza mimi yako kwenye ncha mbili zilizokatwa.

Baba yangu alikuwa Mlunda wa Kapanga. Mama ni Mluba wa Bukama, yaani Mluba wa Katanga na si wa Kasai, tofauti ambayo hapa mjini imewahi kuamua nani abaki na nani apande treni. Kwa hiyo nyumbani kwetu Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, hadithi ya Ruwej haikuwa moja. Zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na wakili wake. Upande wa baba alisimama shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke aliyekuwa akisimulia kwa mikono yote miwili hata bukari, yaani ugali, ikapoa mezani. Upande wa mama alisimama mjomba, mfanyakazi wa reli aliyestaafu, ambaye kwake hadithi haijaanza mpaka Mluba aingie.

Shangazi alianzia kwenye chungu.

Zamani, kwenye bonde la mto Kalanyi, Walunda hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na wazee wa ardhi, kila ukoo na wake. Mmoja wao, ambaye wengine humwita Nkonda Matiti na wengine Yala Mwaku, alikuwa na wana wawili, Kinguri na Chinyama, na binti, Ruwej. Siku moja mzee amekaa nje anafuma mkeka. Pembeni yake kuna chungu cha maji alimoloweka nyuzi ili zilainike. Maji ya namna hiyo yakikaa hubadilika rangi, huwa meupemeupe kama pombe ya mchikichi. Vijana wakarudi kutoka kunywa, wamelewa, wakaona chungu, wakasema mzee anawaficha pombe. Akawaambia ni maji ya mkeka. Wakasema mwongo. Wakampiga baba yao mzazi mpaka akaanguka.

Hapo shangazi alikuwa akiuinamia ule mguu wa meza kana kwamba ndicho chungu chenyewe, anachota kwa kiganja, ananusa, halafu anatugeukia sisi watoto: “Maji ya mukeka hii! Mulevi naye ana pua!” Tulikuwa tunacheka kila mara. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba alikuwa anatuonyesha kosa la kwanza la Kinguri. Mtu anayetaka kurithi nchi hajisumbui hata kunusa chungu.

Ruwej ndiye aliyemwokota baba, akamuosha damu, akamuuguza. Mzee alipoona siku zake zinakwisha aliwaita wakuu wa koo, akawaambia wanawe wa kiume hawatarithi, akampa Ruwej lukano na kuwaagiza wazee wale wamlinde. Lukano ni bangili ya utawala wa Walunda. Si dhahabu wala pembe. Imesokotwa kwa mishipa ya binadamu. Najua kuna wanaoruka sentensi hiyo wanapoandikia watalii, lakini sioni namna ya kuieleza bangili hiyo kwa kuipunguza makali. Anayeivaa amebeba miili ya watu mkononi, na Walunda hawamhesabu mtu kuwa mfalme bila hiyo.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Hakuna mwindaji bado. Hakuna mapenzi. Kuna mwanamke aliyevishwa lukano mbele ya wazee wa koo, kwa wosia wa baba yake, akiwapita kaka wawili walio hai. Ukianza hadithi mtoni, huyu humkuti.

Mjomba yeye alianzia mtoni, bila shaka. Chibinda Ilunga, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Waluba, ameondoka kwao na wafuasi wake kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani, anawinda akielekea magharibi mpaka anafika Kalanyi. Ana pinde nzuri na dawa za uwindaji, ana adabu za ikulu, hali chakula mbele za watu. Mjomba alizipenda sana hizo adabu. Kwake yeye, Walunda kabla ya Chibinda walikuwa watu wa kulima na kugombana, na Chibinda aliwaletea ufalme wenyewe: jinsi ya kukaa, jinsi ya kula, jinsi ya kuogopwa. Wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walikubaliana naye, maana walimchonga mwindaji huyo akiwa na mikono mikubwa, ndevu ndefu na kilemba cha kichifu, na leo sanamu zake ziko kwenye majumba ya makumbusho huko Berlin na hata Fort Worth, Marekani. Nimezitazama sana kwenye picha. Ni kazi za ajabu kweli, miguu imekaza kama ya mtu aliyesikia kitu porini.

Ruwej akampokea mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na nyama ilikuwa nyingi. Wakaoana. Kisha ikaja siku inayofanya wasimulizi wengi wa kiume wakohoe na kuharakisha. Ruwej alipokuwa mwezini, kwa desturi ilimbidi ajitenge, na lukano haikuruhusiwa kukaa mkononi mwake siku hizo. Akamvisha mumewe. Kinguri alipoona bangili ya baba yake kwenye mkono wa mgeni, akasema hawezi kukaa chini ya mtu huyo, akachukua watu wake akaenda zake magharibi. Chinyama naye akaondoka na wa kwake. Chibinda akabaki na bangili.

“Aliikabidhi nchi,” mjomba alikuwa akisema. “Alimushikisha tu,” shangazi alikuwa akijibu. “Ukinishikisha mutoto wako nisimame naye mlangoni, ni wangu?” Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, huyu alipewa lukano, na ubishi wa familia yangu kuhusu siku hiyo ya tatu haujawahi kwisha.

Mimi naona wote wawili walikazia macho bangili wakaiacha sehemu iliyofuata, ambayo ndiyo inayoonyesha akili ya Ruwej. Hakupata mtoto. Katika hadithi nyingi za namna hii, malkia asiyezaa hufukuzwa, hufa kwa uchungu au humwendea mganga. Ruwej yeye alimtafutia mumewe mke mwingine, Kamonga. Kamonga akazaa mtoto wa kiume, Yavu, na jina lake ndilo wafalme wote waliofuata wanalolibeba mpaka leo: Mwant Yav, ambalo Waswahili wa pwani na wasafiri wa Ulaya walilijua kama Mwata Yamvo. Kwa hiyo nasaba yote ya kifalme ya Walunda haitoki tumboni mwa Ruwej. Inatoka kwenye uamuzi wake.

Na hapa ndipo hadithi inapogeuka kuwa katiba. Walunda walijenga serikali yao kwa namna ambayo wataalamu wa historia wameishangaa kwa muda mrefu. Mtu anayerithi cheo harithi kazi tu. Anarithi jina la yule wa kwanza, undugu wake, madeni yake na ugomvi wake. Ikiwa chifu wa kwanza wa mahali fulani alikuwa mpwa wa chifu mwingine, basi warithi wao karne mbili baadaye bado ni mjomba na mpwa, hata kama kwa damu hawahusiani hata chembe na mpwa ni mzee kuliko mjomba. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyekaa kwa Walunda wa Kazembe kwenye bonde la Luapula karibu na mwaka 1950, alieleza jinsi mwenye cheo anavyosimulia mambo ya mababu akisema “mimi”: mimi nilivuka mto, mimi nilimuua fulani. Hakuwa anapiga chuku. Kwa mujibu wa cheo, ni yeye kweli.

Sasa weka wanawake ndani ya mfumo huo. Musumba kuna Swana Mulunda, mwanamke anayehesabiwa kuwa mama wa Walunda wote na anayekalia nafasi ya Ruwej. Kuna Lukonkesha, au Rukonkesh kama baba alivyokuwa akitamka, anayehesabiwa kuwa mama wa mfalme. Hata akiwa na umri mdogo kuliko mfalme, ni mama yake. Mfalme akifa, mama hafi naye. Lukonkesha akifa, anateuliwa mwingine, na asubuhi yake mfalme ana mama tena. Ruwej wa mwanzo akiwa mtu au asiwe mtu, nafasi aliyoiacha haijawahi kuhitaji kusubiri mwanamke wa kipekee azaliwe ili ijazwe.

Wazungu wa kwanza kufika Musumba na kuandika kwa urefu hawakujua pa kumweka mama huyu. Mjerumani Paul Pogge alikaa huko mwishoni mwa mwaka 1875 hadi 1876. Alikuta Lukonkesha ana ikulu yake mwenyewe, maofisa wake, vijiji vinavyomlipa kodi yeye na si mfalme, na sauti katika uteuzi wa mfalme mpya. Hakuwa na mume wa kawaida wa kumtawala. Mwenzi wake alimchagua mwenyewe, na kwa sheria ya ikulu huyo mwanamume alikuwa chini yake. Pogge alitoka nchi ambayo wakati huo mwanamke hakuruhusiwa kupiga kura wala kusoma chuo kikuu kama mwanafunzi kamili. Akaandika alichokiona, na kwa hilo namshukuru, hata kama mengine aliyoandika juu ya Waafrika siwezi kuyasoma bila kukunja uso. Miaka kumi hivi baadaye Mreno Henrique Dias de Carvalho, kwenye msafara wake wa 1884 hadi 1888, alikusanya masimulizi ya Ruwej na ndugu zake na kuyachapisha Lisbon mwaka 1890. Matoleo mengi yanayozunguka sasa, pamoja na chungu cha shangazi, yana ndugu yao humo.

Je, Ruwej aliishi? Swali hili huulizwa kila ninapotaja jina lake, kwa kawaida na kijana aliyesoma chuo kikuu hapa Lubumbashi, mikono kifuani. Wanahistoria hawakubaliani. Wapo waliomweka karibu na mwaka 1600 kwa kuhesabu wafalme kurudi nyuma. Luc de Heusch, mwaka 1972, aliyasoma masimulizi ya Waluba na Walunda kama visasili, vyenye mantiki ya kukutanisha maji na ukame, mwanamke na mwindaji, mwenyeji na mgeni. Jeffrey Hoover, aliyefanya utafiti Musumba na kuandika tasnifu mwaka 1978, alionya kwamba hadithi hii haiwezi kusomwa kama taarifa ya habari. Mimi si mwanahistoria, lakini naona kijana wa mikono kifuani anauliza swali dogo. Hakuna anayemuuliza hivyo kuhusu Chibinda, kwanza. Na pili, vyeo vipo. Lukonkesha aliyezungumza na Pogge alikuwa mtu wa nyama na damu, na alitoza kodi ya kweli.

Wale ndugu waliosusa nao hawakupotea. Chinyama anatajwa na Waluvale kama chanzo cha machifu wao, na inafurahisha kwamba Waluvale hao wa Angola na Zambia wamekuwa na chifu mkuu mwanamke kwa cheo cha Nyakatolo. Kinguri alifika mbali zaidi. Masimulizi ya Waimbangala wa Kasanje, ndani ya Angola, yanaanza na yeye. Sasa huko ndiko, karne ya 17, alikokuwa Nzinga wa Ndongo na Matamba, yule malkia aliyewahangaisha Wareno hadi alipofariki mwaka 1663. Nzinga alifanya mapatano na makundi ya Waimbangala, akachukua desturi zao za vita, akapigana nao pia ilipobidi. Yaani Kinguri alikimbia bangili kwenye nyumba ya dada yake, na watu waliobeba jina lake wakaenda kuangukia kwa Nzinga. Shangazi, nilipomweleza hilo, alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje kuuliza nani anaolewa.

Kuna sehemu ya hadithi ambayo watu wazima wa nyumbani kwetu hawakuisimulia kwa kicheko. Ndoa ya Mlunda na Mluba ndiyo mzizi wa himaya, na kwa muda mrefu imekuwa sababu ya utani kati ya makabila haya mawili. Lakini mwanasiasa Moïse Tshombe, aliyezaliwa Musumba mwaka 1919 na kuoa binti wa Mwant Yav, alipotangaza Katanga kujitenga tarehe 11 Julai 1960, waliompinga kwa nguvu zaidi kaskazini walikuwa Waluba wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe. Wajomba na wapwa wa hadithi walichinjana kweli. Mama alikuwa mtoto, familia yake ilikimbia kijiji, na mpaka leo ukitaja mwaka ule anabadilisha mazungumzo. Halafu ikaja 1992 na 1993, Waluba wa Kasai wakafukuzwa Katanga, waliozaliwa hapa na wasiozaliwa hapa, wakajazana kwenye stesheni wakisubiri mabehewa. Kasai si Bukama, lakini mtu mwenye fimbo hakuulizi ramani. Mama alikaa ndani majuma kadhaa. Wakati huo ndipo nilipomsikia baba, mtu asiyependa siasa, akimwambia jirani yetu ukutani: “Mwant Yav wenu ana baba Mluba. Mumufukuze na yeye basi.” Jirani hakujibu. Sijui kama alielewa, ila hakurudi tena.

Nikiwa huko kwa Waluba, nataka nimpe mjomba haki yake. Alijisifu kwa adabu za Chibinda, akasahau kwamba Chibinda alitoka kwa watu ambao nao hawakuendesha ufalme bila mwanamke. Mfalme wa Waluba alipokufa, roho yake ilisemekana kukaa ndani ya mwanamke aliyeitwa Mwadi. Aliishi kwenye makao ya marehemu, akapewa wake zake na watumishi wake, akaendelea kuheshimiwa kama mfalme huyo. Tazama pia viti vya enzi vya Waluba vilivyoko kwenye makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, London au New York. Kiti chenyewe kinabebwa na mwanamke aliyechongwa, viganja vimeinuliwa, nywele zimesukwa kwa makini, chale zimepangwa tumboni. Mfalme akikaa, anamkalia yeye. Unaweza kuona hapo mzigo, na unaweza kuona nguzo. Mimi huona vyote viwili na sioni haja ya kuchagua. Ninachosema ni kwamba Chibinda alipomwona Ruwej na bangili yake, hakukuta kitu kigeni kwake. Waliomgeuza kuwa kitu kigeni ni sisi wa baadaye.

Ugeni huo ulikuja kuandikwa kwenye sheria. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe kabla ya kufanya jambo lolote la kisheria linalomfunga yeye binafsi. Kufungua biashara, kuweka sahihi kwenye mkataba, vyote vilipita kwa mume. Kifungu hicho kilikuja kubadilishwa Julai 2016. Nimepiga hesabu: zaidi ya miaka 100 baada ya Pogge kumkuta Lukonkesha akitoza kodi vijiji vyake, dada zangu hawakuweza kuweka sahihi bila karatasi ya mume. Kuna watu huko mitandaoni husema usawa wa wanawake ni mambo ya wageni. Kapanga iko wapi kwa watu hawa?

Sheria hiyohiyo ya 1987, kwa bahati, ilisema watoto wa marehemu wanarithi sawa, wa kike na wa kiume. Tuliihitaji baba alipofariki. Kwa miaka ya mwisho alikuwa kitandani, na aliyekuwa akimuuguza ni yaya wangu, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, kifungua mimba wetu. Karatasi za parseli, yaani kiwanja na nyumba yetu, alimpa yeye, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuziweka chini ya nguo zake. Kilio kilipokwisha, baba wadogo wakaitisha kikao cha familia. Hawakuwa wabaya, niseme ukweli. Walikuja na soda na mkate, wakaongea kwa upole kwamba karatasi ni vizuri zishikwe na mwanamume, kwa usalama tu, yaya ni mke wa watu na kesho atahamia kwa mumewe na nyumba ya ukoo ataipeleka huko. Kaka zangu wakatazama sakafu.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, hajasema neno tangu asubuhi. Akauliza swali moja: “Wakati alikuwa mugonjwa, ni nani alikuwa anamunawisha?” Mmoja wa baba wadogo akaanza kueleza habari ya kazi, ya usafiri, ya umbali. Akamkatiza, akarudia swali lilelile, kwa sauti ileile. Kisha akasema kwa Kilunda maneno machache ambayo wadogo zake waliyaelewa vizuri, na kikao kikaendelea kwa habari ya arobaini na nani atanunua mchele. Karatasi ziko kwa yaya mpaka leo.

Sifananishi parseli ya Katuba na himaya, jamani. Nasema tu kwamba shangazi hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa sheria ya 1987, na hakumnukuu hakimu yeyote. Alijua kesi moja ya mirathi, nayo alikuwa akiisimulia tangu utotoni kwa mikono miwili.

Ruwej anaendelea kupewa kazi. Angola wamekipa chuo kikuu jina lake, Universidade Lueji A'Nkonde, kilichoanzishwa mwaka 2009 na makao yake Dundo, Lunda Norte. Musumba wako wanaofuata mlolongo wa vyeo kama ulivyokuwa, na wako vijana wanaotaka mambo yarahisishwe. Hapa Lubumbashi wajukuu wa Kapanga wanaongea Kiswahili na Kifaransa. Kilunda wanakisikia kwenye misiba na harusi. Bahati nzuri harusi hazikosekani.

Ya mwisho niliyohudhuria, binti wa upande wa baba aliolewa na kijana wa Bukama, kwa hiyo unaweza kufikiria. Wakati wa kukabidhi mahari mjomba alisimama na fimbo yake, akawatangazia Walunda kwamba wamshukuru Chibinda, maana bila yeye hadi leo wangekuwa wanaloweka mikeka na kupigana na baba zao. Waluba wakapiga makofi, mtu akapuliza filimbi. Shangazi hakusimama hata kidogo. Aliendelea kutafuna karanga, akasubiri kelele zitulie, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba yule Chibinda alifika ana nyama begani, hana chumvi, hana sufuria, hana pa kulala, na mwenye vitu hivyo vyote alikuwa mwanamke, kwa hiyo mjomba aongeze mbuzi wawili kwenye mahari kabla hajafungua tena mdomo. Mjomba akasema mmoja. Walikuwa bado wanabishania yule wa pili nilipoondoka kutafuta teksi.